Shauri la Tabibu kwa Mwenye Mimba Asiyoitazamia

Wazee wetu walisema, Mficha uchi hazai. Maana yake yajulikana: mwanamke aliyeshikwa na uchungu hana budi kujifunua mbele ya mkunga, akiona haya akajifunika, ataangamia yeye pamoja na mtoto. Lakini methali hii imeelekea upande mmoja. Yamwambia mgonjwa wajibu wake, wala haimwambii mkunga wajibu wake. Kwani nani atajifunua mbele ya mtu atakayemcheka? Kabla hatujamlaumu afichaye, yatupasa kuuliza: yule aliyeketi kumpokea ni mtu wa namna gani, na amefundishwaje?

Basi mwezi huu tumependa kuandika juu ya jambo ambalo wengi hulisema kwa kunong'ona, yaani habari ya mwanamke au msichana ajionaye ana mimba asiyoitazamia, akaenda kwa tabibu. Hatuandiki juu ya dawa, maana sisi tu walimu, wala si matabibu. Twaandika juu ya maneno. Swali letu ni hili: Kijana asomaye utabibu afundishwe kusema nini na mtu huyu? Amwongoze kwenye lile analoliona yeye kuwa jema, au amwachie achague mwenyewe? Na kama tabibu ana imani yake moyoni, aiweke wapi wakati aketipo katika chumba kile?

Huenda msomaji akasema, Jambo hili lawahusu nini walimu? Twajibu kwa kuungama kosa letu wenyewe.

Mwaka 2019, katika shule moja ya bweni tuliyofundisha, msichana wa kidato cha pili alionekana kuwa na mimba. Aliitwa katika chumba cha walimu, nasi twalikuwamo. Twalikuwa watu saba tulioketi, naye alisimama. Tulimwuliza, Nani? Tulimwuliza, Tangu lini? Tulimkumbusha mafundisho yetu, tukamkumbusha na mama yake auzaye ndizi sokoni ili apate kumnunulia sare na madaftari. Kila neno tulilolisema lilikuwa kweli. Walakini hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza kama amekula siku ile, wala kama yaliyompata aliyataka au alishurutishwa. Alijibu maneno mawili matatu kisha akanyamaza, nasi tukauhesabu ukimya wake kuwa ni kiburi. Siku ile ile aliondoka na sanduku lake. Baadaye shangazi yake alituambia ya kuwa kabla ya siku ile alikuwa amekwisha kwenda zahanati mara mbili, na mara zote mbili aligeuka mlangoni akarudi, kwa sababu mhudumu alimwuliza shida yake kwa sauti kuu mbele ya watu waliokaa katika benchi. Basi mtoto yule alikuwa ametafuta mtu wa kumwambia, akamkosa, akatupata sisi.

Tangu siku ile tumekuwa tukifikiri juu ya neno hili shauri. Katika lugha yetu lina nyuso mbili, na yafaa tuzitazame zote mbili. Twamwambia mtu, Nitakupa shauri, nasi twakusudia wema. Tena twamwambia mtu, Shauri yako! nasi twakusudia kumtupa: yatakayompata na yampate, sisi tumekwisha nawa mikono. Neno ni moja, nalo hutumika kwa msaada na kwa kutelekeza. Hatudhani ya kuwa hili limetukia bure, maana ndiyo makosa mawili ambayo mshauri huangukia, moja upande wa kuume na moja upande wa kushoto. Wa kwanza humtawala mtu akiita kutawala huko shauri. Wa pili humwacha peke yake akiita kumwacha huko uhuru. Lakini wazee walikuwa na neno la tatu, nalo ni kushauriana. Hapo hapana mmoja asemaye na mwingine asikiaye. Wako wawili, na jambo limewekwa katikati yao, nao walitazama pamoja.

Tuanze na kosa la kwanza, maana ndilo letu sisi walimu, na twadhani ndilo la matabibu wengi pia. Wako wasemao, Mgonjwa haulizwi uji. Yaani, mtu aliye hoi huletewa tu kilicho chema, haulizwi akitaka au hataki. Methali hii ni kweli kwa habari ya uji. Mtu aliyezimia hana nafasi ya kushauriana, na tabibu afungaye jeraha lenye kutoka damu hafanyi baraza kwanza. Lakini mwenye mimba asiyoitazamia si mtu aliyezimia. Akili yake yamjia usiku na mchana kuliko ya mtu mwingine ye yote. Jambo lililo mbele yake litakaa naye miaka mingi baada ya tabibu kusahau sura yake. Basi kumpa shauri kama apewavyo uji ni kumfanya hoi mtu ambaye si hoi.

Watu hujibu wakisema, Je, ukimwona mwenzako aliendea shimo, utanyamaza? Swali hili lina nguvu, nasi hatutaki kulipita haraka. Kweli, rafiki atapiga kelele. Lakini tabibu si rafiki tu. Ana cheo, ana koti jeupe, ana kalamu iandikayo dawa na ufunguo wa kabati. Aliye mbele yake hakumchagua, wala hawezi kuinuka aende kwingine, maana kwingine ni mwendo wa saa nne. Neno la rafiki laweza kukataliwa, na urafiki ukabaki. Neno la mwenye madaraka halikataliki kwa urahisi; huingia sikioni kama shauri, likafika moyoni kama amri. Sisi wenye fimbo tunalijua jambo hili. Mwalimu akimwuliza mwanafunzi, Je, umefahamu? wote hujibu, Ndiyo, mwalimu. Si kwamba wamefahamu, bali wameogopa. Kadhalika mgonjwa mbele ya tabibu mkali hujibu Ndiyo, daktari, kisha hutoka akaenda kufanya lile alilokusudia, lakini sasa gizani.

Na gizani ndiko kuliko na mauti. Shirika la Afya Duniani hukadiria ya kuwa kila mwaka kati ya asilimia 4.7 na 13.2 ya vifo vya akina mama kwa sababu ya uzazi hutokana na mimba kutolewa kwa njia za hatari. Tena Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2022 ya kuwa karibu nusu ya mimba zote duniani, kama milioni 121 kwa mwaka, ni mimba zisizokusudiwa. Hivyo jambo hili si la wasichana wakaidi wachache. Ni la wake wa watu wenye watoto sita, la wajane, la wanafunzi, la wauguzi wenyewe. Kwetu Tanzania uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha ya kuwa katika kila wasichana 100 wenye umri wa miaka 15 hata 19, wapatao 22 walikuwa wamekwisha kuzaa au kushika mimba. Mwalimu asomaye hesabu hii aitazame darasa lake, ahesabu madawati.

Sasa tuje kwa kosa la pili. Kwa kuwa wameona ubaya wa kutawala, wengine hufundisha ya kuwa tabibu asiseme lo lote: ataje njia, moja, mbili, tatu, kama mchuuzi atajaye bei, kisha anyamaze. Hii ndiyo Shauri yako iliyovikwa nguo safi. Mtu aliyekuja akitetemeka hakuja kusomewa orodha. Mwaka 1942 Mmarekani mmoja, Carl Rogers, aliandika kitabu juu ya kuwashauri watu, akafundisha ya kuwa mshauri asimwelekeze mtu, kwa kuwa mtu akisikilizwa kwa kweli anao ndani yake uwezo wa kuiona njia yake. Wengi walilishika neno la kwanza, asimwelekeze, wakaliacha la pili, akisikilizwa kwa kweli. Kumbe la pili ndilo lililo gumu, maana kunyamaza kila mtu aweza, hata gogo laweza. Kusikiliza ni kazi.

Tena yako mambo ambayo tabibu haruhusiwi kabisa kukaa katikati. Akija mtoto wa miaka 14, na nyuma yake amesimama mjomba ajibuye maswali yote badala yake, tabibu asijisifu kwamba hampendelei mtu. Na amtoe mjomba nje kwa adabu, amwulize mtoto akiwa peke yake. Kwa sheria yetu ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, msichana aliye chini ya miaka 18 asiye mke wa mtu hahesabiwi kuwa ameridhia, hata akisema ameridhia. Basi hapa twapata kanuni ya kwanza: tabibu asipendelee upande katika uchaguzi ulio halali wa mtu, lakini apendelee usalama wake sikuzote.

Huenda mtu akatuuliza, Mwasema uchaguzi, uchaguzi gani? Huku kwetu si sheria imekwisha kuufunga mlango? Ni kweli ya kuwa Tanzania Bara, kwa Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 150, atoaye mimba ya mtu kinyume cha sheria aweza kufungwa miaka 14, na mwanamke mwenyewe miaka 7 kwa kifungu cha 151. Na kifungu cha 230 chamkinga tabibu afanyaye upasuaji kwa nia njema na kwa uangalifu ili kuokoa maisha ya mama. Tabibu hana budi kuyajua haya, na kuyasema wazi akiulizwa, ili mtu asidanganywe na waganga wa vichochoroni wauzao vidonge kwa siri. Lakini wakosea wadhanio ya kuwa mlango ni mmoja tu, na ukifungwa, shauri limekwisha. Msichana yule ana maswali mengi. Mama ataambiwaje, na nani atakuwapo siku hiyo? Aolewe na aliyempa mimba, au kuolewa huko kutakuwa shimo la pili? Mtoto alelewe na nani? Atarudi shule lini? Je, ana ukimwi au kaswende, apate dawa mapema ili mtoto asiambukizwe? Na ikiwa amekwisha kunywa kitu kibaya, naye anatoka damu, je, atathubutu kusema kweli, apate kutibiwa, maana kutibiwa kwake ni haki yake? Kila swali katika haya lataka mtu wa kushauriana naye.

Tena yafaa tukumbuke ya kuwa milango mingine tuliifunga sisi wenyewe, wala si Mungu wala si maumbile. Kwa kanuni za shule za mwaka 2002 msichana aliweza kufukuzwa kwa kosa dhidi ya maadili, na mimba ikahesabiwa hivyo. Na mwezi wa Juni mwaka 2017 Rais wa wakati ule alitangaza ya kuwa mwanafunzi aliyezaa hatarudi katika shule ya serikali. Siku hizo tabibu aliyempima msichana mkojo akasema, Una mimba, alikuwa amesema pia, Umeacha shule. Ulimi wake ulikuwa na makali asiyoyataka. Mnamo tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza ya kuwa wanafunzi waliokatiza masomo kwa ajili ya kuzaa wataruhusiwa kurudi. Tangu hapo tabibu amepata neno jipya la kweli la kumwambia msichana. Kwa hiyo twasema: kumshauri mtu achague, na huku milango yote imefungwa, ni dhihaka. Wajibu wa shauri si wa tabibu peke yake. Ni wa wote washikao funguo, nasi walimu tumo.

Sasa twalifikia lile gumu kuliko yote, yaani dhamiri ya tabibu mwenyewe. Hatutawaficha wasomaji wetu: sisi tumelelewa kuamini ya kuwa uhai ulio tumboni ni amana, nasi twaamini hivyo hata leo. Wako watu wema waaminio vingine, na nchi mbalimbali zimeweka sheria mbalimbali. Katika makala hii hatukusudii kulimaliza shauri hilo la zamani. Twauliza tu: mtu mwenye imani kama yetu, akiwa tabibu, aseme nini?

Tutazame mfano wa Ujerumani. Kwa sheria ya mwaka 1995, mwanamke atakaye kutoa mimba katika majuma 12 ya kwanza hana budi kuonana na mshauri aliyeidhinishwa, apewe hati ya kuwa ameshauriwa, kisha zipite siku tatu. Akifanya hivyo hapati adhabu. Sheria ile yataka mambo mawili yaonekanayo kupingana: shauri lilinde uhai wa mtoto aliye tumboni, tena mwisho wake usiwe umeamuliwa tangu mwanzo. Vituo vya Kanisa Katoliki navyo vilishauri na kutoa hati. Mwaka 1998 Papa Yohane Paulo wa Pili aliwaandikia maaskofu wa Ujerumani akiwataka waache kutoa hati ile, kwa kuwa ilifungua njia ya kutoa mimba. Wengine walijibu wakisema, Tukiacha, wanawake hawa hawatakuja kwetu kamwe, nasi tutapoteza hata nafasi ya kuwasikiliza. Mwaka 1999 waumini walei walianzisha chama kiitwacho Donum Vitae ili waendelee na kazi ile, na askofu wa Limburg, Franz Kamphaus, aliendelea katika jimbo lake hata mwaka 2002. Pande zote mbili zilikuwa na dhamiri, tena dhamiri ya imani moja. Mmoja aliogopa kuutia mkono wake katika jambo asilolikubali. Mwingine aliogopa kukiacha kiti kitupu, na mtu mwenye shida akaja asikute mtu.

Nchi ya Marekani nayo yatufundisha neno. Mwaka 1988 serikali ilitoa kanuni ya kuwakataza wahudumu wa vituo vya uzazi wa mpango vipatavyo fedha zake wasimshauri mtu juu ya kutoa mimba, wala kumwelekeza aendako. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu iliithibitisha kanuni ile kwa kura 5 dhidi ya 4, na mwaka 1993 rais mpya aliiondoa. Hatuingii katika ugomvi wao. Lakini tazama jambo lililo chini yake: je, yafaa tabibu aulizwe neno na mgonjwa, naye alijue jibu, akae kimya kwa sababu ya atoaye fedha? Sisi twaona ya kuwa hapo mgonjwa hudanganywa bila uongo kusemwa.

Kwa mifano hii twapata kanuni ya pili, nayo ni hii: imani yangu yaifunga mikono yangu, haiyafungi masikio ya mwingine. Tabibu ambaye dhamiri yake yamkataza kufanya jambo ambalo sheria ya nchi yake imeliruhusu, asilifanye. Lakini asitumie hila. Asimpotoshe mtu hesabu ya majuma, asimtie hofu ya maradhi yasiyokuwapo, asimchelewesha kwa makusudi mpaka wakati upite. Na aseme mapema na kwa upole: Neno hili mimi siwezi kulifanya, mwenzangu yule atakusikiliza. Tabibu mwenye maoni mengine kadhalika asimsukume mtu kwa upande wake, akimwambia maskini ya kuwa hataweza kulea, au msichana ya kuwa maisha yake yamekwisha. Uongo kwa ajili ya jambo jema ni uongo, nao huuharibu wema wa jambo. Na yote aliyoyasikia ayatunze. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Lakini kata haiitangazi kisimani. Azimio la Geneva la mwaka 1948, ambalo matabibu wa dunia walilikubali baada ya vita, lawataka watunze siri za wagonjwa wao, na kabla yake kiapo cha kale cha Wayunani kilikuwa kimekwisha kusema hivyo.

Je, haya yaweza kufundishwa? Wako wasemao ya kuwa huruma huzaliwa nayo mtu. Sisi hatukubali. Mwanafunzi wetu mmoja wa zamani, ambaye sasa asoma utabibu, alitutembelea wakati wa likizo akatueleza somo moja. Waliletewa mama mmoja aliyefundishwa kujifanya mgonjwa. Akaketi, akasema tu, Siku zangu zimepita. Kijana wetu, kwa kuwa ni hodari, alianza mara moja: akauliza tarehe, akahesabu majuma, akaeleza kliniki, madini ya chuma, chandarua, kadi. Akasema dakika kumi bila kupumzika. Alipomaliza, mwalimu wake alimwuliza yule mama, Umesaidiwa nini? Mama akajibu, Amesema vema sana. Lakini hakuniuliza kama nimefurahi au nimehuzunika. Kijana alituambia ya kuwa hajapata kuona haya kama siku ile, tena akatuambia, Mwalimu, mimi nilisema kama nilivyofundishwa kusema tangu shule ya msingi. Hatukuwa na jibu.

Njia hii ya mgonjwa wa kuigiza ilianzishwa na Howard Barrows, bingwa wa maradhi ya mishipa ya fahamu, mwaka 1963 katika Chuo Kikuu cha Southern California, nayo imeenea katika vyuo vingi vya utabibu. Faida yake ni kubwa: mwanafunzi hukosea mbele ya mtu asiyeumia, kisha huambiwa kosa lake. Sisi twaona ya kuwa kwa habari ya mimba isiyotazamiwa yampasa ajifunze mambo manne.

Kwanza, ajifunze kuuliza kabla ya kunena. Asimpongeze mtu kabla hajajua kama ni furaha kwake, wala asimpe pole kabla hajajua kama ni huzuni. Aseme tu, Kipimo chaonyesha una mimba. Habari hii umeipokeaje? kisha angoje. Kungoja huko ni kugumu kuliko kujifunza majina ya mifupa.

Pili, ajichunguze moyo wake kabla hajaingia chumbani. Vyuo vingine huwasimamisha wanafunzi, huwasomea maneno, na kila mmoja husogea upande wa kukubali au wa kukataa, kisha hueleza sababu yake, wenzake wakimsikiliza bila kumcheka. Mtu asiyezijua chuki zake huziita elimu.

Tatu, ayajue mambo yenyewe barabara: mimba ihesabiwavyo tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, majuma 40, mahudhurio 8 yaliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016, hatari ya kifafa cha mimba, ambayo ni kubwa zaidi kwa wasichana wadogo kuliko kwa wanawake wa miaka 20 hata 24, na kuzaa kwa shida kuletako fistula. Upole usio na maarifa ni kama mkeka mzuri katika nyumba inayovuja.

Nne, achunge maneno. Twasema amepewa mimba, kana kwamba ni zawadi. Twasema ameharibikiwa, kana kwamba ni chombo. Kumbe lugha yetu ina neno bora, mja mzito. Mja ni kiumbe, ni mtu mbele ya Muumba wake. Ni mtu kwanza, kisha ndipo ana uzito wake.

Lakini mafundisho yote haya yatapotea kama wakubwa wodini hawayafuati. Mwanafunzi asomaye upole darasani asubuhi, na mchana akamsikia mkubwa wake akimkemea mzazi, Ulipokuwa ukijifurahisha uliniita? atafuata lile la mchana. Twalijua hili kwa kuwa watoto wetu darasani hawafuati tusemayo, hufuata tutendayo.

Basi ndugu zetu walimu, makala hii twawaandikia ninyi kuliko matabibu. Kijana yule aketiye leo mbele ya mgonjwa jana aliketi mbele yetu. Tukimfundisha ya kuwa mkubwa husema na mdogo husikia, atayachukua hayo mpaka hospitali. Tukimwuliza darasani na kungoja jibu lake, tukimwita faraghani akosapo wala si mbele ya watu saba, atayachukua hayo pia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ajuaye kunguni ni yeye alalaye, na asiyemwuliza hatawajua kamwe.

Msichana yule wa mwaka 2019 hatukumwona tena. Kama angesimama mbele yetu leo, hatudhani ya kuwa tungekuwa na maneno ya hekima ya kumpa. Tungempa kiti kwanza. Tungeufunga mlango, wakabaki watu wawili. Kisha tungemwuliza kama amekula, nasi tungengoja.